Kipa wa Lubumbashi
Hapa Kinsevere, machimbo ya shaba yaliyo kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi, jina la Robert Kidiaba halihitaji maelezo. Wengi humkumbuka kwa namna alivyoshangilia mabao: anaketi kwenye nyasi, miguu mbele, kisha anarukaruka kwa makalio, na uwanja mzima unalipuka. Lakini inaniuma anapokumbukwa kwa hilo tu, kwa sababu huyu alikuwa kipa kwelikweli. Desemba 14, 2010, huko Abu Dhabi, klabu yake ya Lubumbashi, TP Mazembe, iliingia nusu fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu bila mshambuliaji wake Trésor Mputu, aliyekuwa amefungiwa, na mbele yao walisimama Internacional wa Brazili. Kidiaba, mwenye miaka 34, alizuia mpira baada ya mpira. Kabangu akafunga, Kaluyituka akafunga, 2-0. Kabla ya siku ile, hakuna klabu nje ya Ulaya na Amerika Kusini iliyokuwa imefika fainali hiyo. Inter Milan iliwafunga 3-0, sawa, lakini nani alilia? Februari 2015, akiwa na miaka 39, alidaka tena DR Kongo ilipotwaa nafasi ya tatu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa penalti dhidi ya Guinea ya Ikweta, kisha akaiaga timu ya taifa. Wazazi wa Kinsevere, mtoto wenu akipenda kukaa golini, msimkatishe tamaa. Msimulieni habari za Kidiaba.