Baba Aliyepita Seminari Anadaiwa

Ziko nyumba nyingi za Wakatoliki nchini Tanzania ambamo habari za mtoto mmoja huzungumzwa kwa sauti ya chini. Alipelekwa seminari, ndugu wakachanga nauli na godoro, na mama yake akaanza kuitwa mama padre kabla ya wakati. Miaka ikapita, kijana akarudi na sanduku lake. Tangu hapo, hata akifunga ndoa kanisani, hata akilea watoto wema, watu wanamtaja kwa neno moja tu: "Alishindwa." Kauli hiyo si ya haki, na leo nasema tuiache. Lakini nikishamtetea kijana huyo, nitamgeukia yeye mwenyewe, maana ana deni.

Mtaguso wa Trento uliagiza mwaka 1563 kwamba majimbo yawe na nyumba za kuwalea vijana wa upadre, na hadi leo shabaha ya seminari ni altare. Hata hivyo kila mlezi anajua kwamba wanaoingia seminari ndogo ni wengi kuliko wanaofikia daraja. Seminari ya Rubya ilimlea Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 alifanywa Kardinali wa kwanza Mwafrika. Seminari ya Katoke, Biharamulo, ilimpokea kijana John Magufuli, aliyekuja kuwa mume, baba, na Rais wa nchi. Tukihesabu mapadre peke yao, tutakuwa tumevuna mstari mmoja na kuliacha shamba.

Aliyetoka amebeba nini? Aliamshwa na kengele kabla ya mapambazuko, akajifunza kukaa kimya mbele ya Mungu wakati mwili unataka kulala. Alifagia bweni, akasafisha vyoo, akalima maharage, akalisha nguruwe, akafua nguo zake. Zamu yake ilipofika aliwagawia wenzake chakula na kuosha masufuria. Alilala kitanda jirani na mtoto wa kabila asilolijua, akamwita ndugu. Alikuwa na baba wa kiroho wa kumfungulia moyo, na kila usiku alichunguza dhamiri yake. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1992 juu ya malezi ya mapadre, alifundisha kwamba malezi ya kiutu ndiyo msingi wa malezi mengine yote. Basi utu huo, kijana akivua kanzu, haubaki kwenye kanzu.

Linganisheni. Sheria ya Kanisa inataka falsafa na teolojia zichukue miaka isiyopungua sita kabla ya upadre. Bwana arusi wa kawaida hupata mafundisho ya wiki chache, akatangazwa Dominika tatu, akakabidhiwa mke. Aliyepita seminari, hata kama hakuimaliza miaka hiyo, anaingia katika ndoa akiwa na akiba ambayo wanaume wenzake hawakupewa. Na Bwana alifundisha kwamba mtumishi aliyekabidhiwa mengi hudaiwa mengi.

Kwa hiyo nakuuliza, ndugu yangu uliyepita huko. Mikono iliyoosha masufuria ya watu mia imepatwa na nini, hata leo unakaa kitini ukingoja mkeo, aliyetoka kazini kama wewe, akuletee maji ya kunawa? Uliongoza Masifu ya Jioni mbele ya walezi wako. Mbona sala ya nyumbani umemwachia mama watoto, nawe unasinzia mbele ya televisheni? Ulimfungulia moyo baba wa kiroho. Mbona mkeo husikia shida zako kwa majirani? Ukisema kazi hizo ni za wanawake, nitakuuliza ni mwanamke gani aliyekufagilia bweni.

Wapo pia wanaokosea kwa upande wa pili. Hawa wamekumbuka seminari kupita kiasi, wakajifanya magombera, yaani wakuu wa seminari, ndani ya nyumba zao. Mtoto akichelewa kidogo, hukumu. Mke akitoa shauri, amevunja kanuni. Ndugu, seminari ina gombera kwa sababu wale ni vijana waliokabidhiwa kwake kwa muda. Mke hakukabidhiwa kwako umlee kwa amri. Mmeapa sawasawa mbele ya altare moja.

Nanyi walezi wa seminari, mnisikilize kwa uvumilivu. Kijana akiishi miaka mingi kati ya wanaume tu, akisikia wanawake wakitajwa zaidi kama kishawishi, atajuaje kushauriana na mmoja wao maisha yake yote? Mfundisheni kumheshimu mwanamke kama mwenzi wa akili, maana fundisho hilo litamfaa padre na mume pia. Na anayeondoka muageni kwa baraka, asiondoke kama mtoro.

Tunao mfano wa aliyerudishwa akawa mume mwema. Louis Martin, fundi saa wa Ufaransa, alibisha hodi katika monasteri moja ya milima ya Alps, akarudishwa kwa kukosa Kilatini. Mwaka 1858 alimwoa Zélie, wakazaa watoto tisa. Biashara ya mkewe ya kutengeneza lesi ilipokua, aliachia duka lake la saa akamsaidia. Binti yao mmoja ndiye Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, nao wazazi walitangazwa watakatifu pamoja mwaka 2015. Mlango aliofungiwa haukumzuia kufika.

Wazazi, acheni kumwonea haya mwanenu aliyerudi. Maparoko, waiteni wanaume hawa wasaidie mafundisho ya ndoa na kuongoza Jumuiya Ndogo Ndogo, badala ya kuwakumbuka siku ya mchango tu.

Nawe uliyepita seminari, unakumbuka kwamba kila likizo ilipokwisha ulirudi na barua ya paroko, ikieleza mwenendo wako nyumbani. Leo mwenye haki ya kuiandika barua hiyo ni mkeo, na mashahidi wake ni wanao. Muulize leo hii angeandika nini. Akikwambia ukweli usijitetee. Yaliyopungua yatengeneze, maana kuyatengeneza ulifundishwa.