Ruzuku Ndogo, Amana Kubwa





Juma lililopita, baada ya swala ya Alasiri, walinijia akina mama watatu wa hapa Likoni. Wawili nawajua tangu walipokuwa wakiwaleta wana wao chuoni. Wa tatu huuza mahamri na mbaazi alfajiri. Walikuwa na bahasha ya karatasi. Kikundi chao kimeelezwa kwamba kinaweza kuomba ruzuku, yaani fedha za msaada zisizorudishwa, ili wafuatilie hali ya zahanati na maji katika wadi yao, na wayapeleke madai yao katika vikao vya bajeti ya kaunti.

Walikuja na maswali mawili. La kwanza: fedha hizo zatoka kwa watu wasiokuwa Waislamu, je, ni halali? La pili walilisema kwa sauti ya chini: yuko kijana wa mtaani aliyejitolea kuwaandikia ombi, kwa sharti kwamba zikifika fedha achukue thuluthi, na jambo hilo lisiandikwe popote. Je, wakubali?

Nitasema kweli. Jibu la kwanza lililonijia ulimini lilikuwa kuwaambia warudi wakashauriane na waume zao, nami nipumzike. Kisha nikakumbuka vyoo vya madrasa yetu.

Miaka kadhaa iliyopita, kamati yetu ya wanaume saba, nami nikiwa mmoja wao, ilichangisha fedha na kujenga vyoo. Tulishauriana juu ya saruji, mabati na fundi. Vilipokamilika tuliomba dua na kushukuru. Baadaye tukaona wasichana wakiomba ruhusa kwenda nyumbani katikati ya somo, na wengine hawarudi. Tukawadhania ni wavivu. Mama mmoja ndiye aliyetufumbua macho: mlango wa choo chao ulielekea baraza wanapokaa wanaume wakingoja swala. Binti gani mwenye haya angepita pale? Tulivunja ukuta na kuuhamisha mlango kwa gharama ya pili. Yule mama hakutulaumu; alisema tu, "Sheikh, mngetuuliza." Maneno hayo mawili yamenikaa moyoni hadi leo, kwa sababu fedha za waumini zilipotea, si kwa wizi, bali kwa kutouliza.

Basi niliwakaribisha akina mama wale, nikawajibu.

Kuhusu swali la kwanza, tuangalie sira. Kabla ya utume, Mtume wetu (s.a.w.) alihudhuria mapatano ya Hilful Fudhul nyumbani kwa Abdullahi bin Jud'an mjini Makka. Watu wa makabila ya Kikureshi waliahidiana kumsaidia aliyedhulumiwa, baada ya mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen kunyimwa haki yake. Waliokula yamini ile hawakuwa Waislamu. Hata hivyo, baada ya kupewa utume, alieleza kwamba lau angeitwa katika mapatano kama yale angeitika. Kushirikiana na asiyekuwa Muislamu katika kuondoa dhuluma si haramu. Linalotupasa ni kuyatazama masharti: kama fedha zinakuja na sharti la kuacha dini yetu au kutenda tusiloliridhia, tuzirudishe. Kama sharti ni kufuatilia maji na zahanati na kutoa hesabu, hayo tumeamrishwa kabla ya mfadhili hajazaliwa.

Na anayesema kwamba mwanamke hana neno katika mambo ya umma, na ajiulize kwa nini Sura ya 58 ya Qur'ani imepewa jina la mwanamke aliyeleta shitaka lake, Bi Khawla bint Tha'laba. Na pale Hudaybiya, masahaba walipolemewa na huzuni wasiinuke kuchinja, ni shauri la Bi Ummu Salama, Mwenyezi Mungu amridhie, alilolifuata Mtume (s.a.w.), na mambo yakanyooka.

Tuelewe pia ruzuku ya namna hii ni ya nini. Wengi wetu tumezoea mikopo, kama ile ya mfuko wa serikali wa wanawake ulioanzishwa mwaka 2007, au ya Hazina ya Uwezo. Hiyo ni mitaji ya biashara na hurudishwa. Ruzuku ya utetezi ni nyingine. Zipo balozi jijini Nairobi zitoazo misaada midogo kama hii, ukiwemo wa Kanada, na upo mfuko wa Waafrika wenyewe, African Women's Development Fund, ulioanzishwa mwaka 2000 na wenye makao yake Accra, Ghana. Fedha zake hazinunui cherehani. Hununua nauli ya matatu na tuktuk, nakala za karatasi, mtu wa kukaa na watoto siku ya kikao, na mkalimani wa lugha ya ishara kwa mwenzao asiyesikia. Ni vitu vidogo, lakini kwa kukosa vitu hivyo mama wa Mtongwe au Mwakirunge hubaki nyumbani, na kikao hufanyika bila yake.

Na vikao vyenyewe vina majira, kama kilimo. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa kaunti wa mwaka hufikishwa bungeni kwake kabla ya Septemba 1 kupita. Waraka wa sera ya fedha hufikishwa kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Anayekuja kulia mwezi wa Juni amekuja shambani baada ya mavuno. Aidha, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 35, yampa kila raia haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yaitaka afisi iliyoombwa ijibu ndani ya siku 21. Basi wasingoje kukabidhiwa vitabu vya bajeti mlangoni mwa ukumbi siku ya kikao. Waandike barua mapema, na nakala yake waiweke.

Hili si jambo geni kwetu bara ya Mombasa. Mwaka 2007, shirika la MUHURI liliwafunza wananchi kukagua miradi ya fedha za maendeleo ya eneo bunge la Changamwe. Walimu wengine walitoka India, katika chama cha MKSS cha Rajasthan, ambako wanakijiji huzisoma hesabu za kazi za umma mbele ya watu wote. Wakazi wa Changamwe walizilinganisha karatasi na majengo yaliyosimama, kisha wakauliza hadharani. Na pale Owino Uhuru, Mikindani, mama mmoja, Phyllis Omido, alisimama baada ya mwanawe mchanga kudhurika kwa madini ya risasi kutoka kiwandani. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikaitengua, na Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Ilikuwa safari ya miaka mingi, na ilianza kwa mama kuuliza kwa nini mwanawe haponi.

Sasa swali la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Ujira wa kuandika ni halali, lakini katika fiqhi yetu ujira sharti ujulikane. Kijana akitaka malipo, na yatajwe kiasi, yaandikwe katika makadirio ya ombi, na mfadhili ayaone. Thuluthi ya siri ni khiyana, na watakaoibeba ni wale watakaotia sahihi. Mtume (s.a.w.) alimkemea mkusanya zaka, Ibnul Lutbiyya, aliyetenga fungu akidai amepewa zawadi, akamuuliza kama angeletewa zawadi ile lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake.

Nikawaambia: mnakwenda kuiuliza kaunti fedha za zahanati ziko wapi. Atakayekasirishwa na swali lenu, jambo la kwanza atakalolitafuta ni daftari lenu. Basi liwe safi. Wawe watia sahihi watatu katika benki, risiti zihifadhiwe hata ya tuktuk, na kila mwisho wa mwezi hesabu isomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote, pamoja na yule asiyejua kusoma. Aliyeizoea hesabu ya wazi katika chama chake hatatishika akiidai kwa mkubwa.

Kijana yule ameikataa njia ya wazi, naye amekwenda zake. Akina mama wanaandika ombi lao wenyewe, kwa mkono, na mwanafunzi mmoja wa sekondari atawapigia chapa. Mume wa mmoja wao bado haridhiki; nimemwomba ruhusa nimtembelee baada ya Isha, tuzungumze kwa hekima. Huenda ruzuku wakaipata, huenda wakaikosa. Barua ya kuomba makadirio ya wadi, hata hivyo, wameshaipeleka, na hiyo haikuhitaji mfadhili.

Nami sina haki ya kuwaandikia haya nikaishia hapo. Ijumaa ijayo kamati ya madrasa yetu itakaa, na nimetoa pendekezo kwamba viti viwili viwe vya akina mama. Nawaomba wanakamati wa misikiti na madrasa za Kisauni, Changamwe na Likoni walitafakari jambo hili. Tusingoje kuvunja ukuta mara ya pili.