Aliyerudi na nyimbo badala ya geti

Hapa Keumbu, Kisii, mtu akirudi kutoka Marekani hukaguliwa. Kwanza wanatazama boma: amejenga, au mamake bado anaishi kwenye nyumba ile ile ya mabati? Geti ni la chuma? Gari ni lake au la kukodi? Kila Desemba kiti changu cha kinyozi hukaliwa na hao wanaorudi kutoka Minnesota, na mara tu wanapovuka barabara kuelekea stejini, wanaosubiri kwenye benchi huanza kuwahukumu. Katika hukumu hizo zote sijasikia hata mara moja mtu akiuliza: huko alikokuwa, alitunga nini?

Kwa hiyo kila mara jina la mwanamuziki Nyashinski linapotajwa humu ndani, mimi huzima mashine kwanza. Jina lake halisi ni Nyamari Ongegu, na Mgusii akilisikia hahitaji kuuliza huyo ni mtu wa wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, nilipokuwa nikijifunza kunyoa Kawangware, yeye na wenzake Collo na Roba ndio waliokuwa kundi la rap la Kleptomaniax. “Tuendelee” yao ilipigwa kwenye matatu mpaka utingo akawa anaitisha nauli kwa mdundo wake. Kisha mmoja wa hao watatu akaondoka. Alikaa Marekani karibu miaka kumi, na baadaye akasimulia mwenyewe kwamba huko alikuwa dereva wa lori.

Hilo lori ndilo linalozua ubishi. “Staa mzima, kushika usukani wa lori!” Nasikia hivyo kutoka kwa vijana ambao wajomba zao wanaendesha malori kutoka Mombasa hadi Malaba, nao hawaoni aibu kuwaomba wajomba hao karo. Kazi hiyo ikifanyiwa hapa ni heshima, ikifanyiwa Marekani na mtu tuliyemwona kwenye runinga inakuwa kuanguka. Mimi naona kinyume. Mtu aliyezoea kelele za jukwaani akikaa miaka peke yake nyuma ya usukani, hakuna anayemshangilia, halafu arudi akiwa na la kusema, huyo alikuwa kazini muda wote.

Alirudi 2016 na “Now You Know”, na mwaka huo huo akatoa “Mungu Pekee”. Mwaka uliofuata ikaja “Malaika”, ambayo si ile ya Fadhili William, ingawa kila wiki wazee hapa hunidai ile. Alikuwa ameondoka akiwa mtu wa kurap katika kundi la watatu, na sasa alikuwa anaimba, tena peke yake. Watoto ninaowanyoa hawakujua kwamba ni mtu wa zamani, walidhani ni msanii mpya. Wenzangu waliokaribia miaka arobaini walitaka “Tuendelee” nyingine, na wapo waliokasirika kwa kutoipata.

Ninachompongeza zaidi ni kwamba hakukimbilia albamu. Angeweza kurudi na kukusanya nyimbo kumi haraka haraka huku watu bado wana hamu naye. Alitoa wimbo mmoja mmoja, akaacha tumzoee upya, na albamu yake “Lucky You” ikaja Machi 2020. Mwezi mbaya kuliko yote! Tarehe 13 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, na tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni kila mtu awe ndani. Albamu ya kurudi hutembezwa kwa maonyesho, na maonyesho yalikuwa yamepigwa marufuku. Kwangu wateja waliogopa kiti, wakawa wananyoana nyumbani kwa mikasi. Nikaisikiliza albamu hiyo mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo siku za kazi haliwezekani kwa sababu kila anayeketi ana wimbo wake wa kuomba. Si kila wimbo ulionipendeza. Baadhi ni za usiku, na asubuhi mimi huziruka. Lakini katika wimbo “Properly” nilipenda kwamba aliyerudi alimkaribisha aliyekuja nyuma yake, rapa Femi One.

Omogaka mmoja, mzee wa hapa, hunipinga, na hoja yake ina uzito. Husema: Christopher Monyoncho alituimbia benga kwa Ekegusii, watu wakaoa kwa nyimbo zake na kuzikana kwazo. Aliyekaa nyumbani haandikiwi gazetini kwamba amerudi. Hapo sina jibu zuri, ila namwambia kwamba hata anayerudi tunamnyima haki kwa njia nyingine. Mtazame jirani yetu Mjaluo, Ayub Ogada, mpiga nyatiti. Alikwenda Uingereza 1986, akapiga muziki mitaani London, na 1993 akatoa “En Mana Kuoyo”. Wimbo wake “Kothbiro” ukaingia katika filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005. Alirudi, na 2015 ikatoka albamu ya “Kodhi”. Mwaka 2019 alipofariki huko Nyahera, Kisumu, mitandao yote ilijaa “Kothbiro”. Na “Kodhi” je? Nimewauliza wateja wangu, wakiwemo Wajaluo wanaoleta omena sokoni, na wengi hawakujua kwamba ipo.

Mwimbaji anarudi na kazi mpya ya miaka aliyokuwa mbali, nasi tunamnyooshea kidole kwenye ile ya zamani: imba hiyo. Tunamfanyia kama tunavyowafanyia wale wa Minnesota, tofauti ni kwamba geti lake ni wimbo tuliokwisha kuujua.

Kwa hiyo nina ombi kwa watangazaji wa redio zetu za Ekegusii, Egesa na Minto. Tengeni saa moja kwa wiki mpige albamu nzima ya mtu aliyerudi, kwa mpangilio alioupanga mwenyewe, bila kumkatiza kwa salamu. Anzeni na “Lucky You”, kisha “Kodhi”. Wekeni Ijumaa alasiri. Wasabato huja kunyolewa wakati huo kabla jua halijatua, foleni inafika mlangoni, na hakuna atakayeinuka kubadilisha stesheni akapoteza nafasi yake.