Safu Mbili za Maneno

Katika madarasa mengi ya Kiingereza huko Ucheki daftari la mwanafunzi hupigwa mstari katikati ya ukurasa. Kushoto huandikwa neno la Kiingereza, kulia huandikwa neno la Kicheki, na yule aliyekariri safu zote mbili huhesabiwa kuwa amekwisha kujua maana. Zoezi hili lina heshima kubwa. Lina vitabu vyake madukani na mitihani yake shuleni, na siku hizi limehamia katika simu, ambamo neno hutokea juu ya kioo na jibu lake hufunuliwa kwa kuguswa kidole. Baada ya mwaka 1989, Kirusi kilipoacha kuwa somo la lazima na Kiingereza kikatangulia lugha nyingine za kigeni, vijana wa nchi ile walilishwa safu hizi kwa wingi, na hata leo bado wanalishwa.

Walakini mstari ule wa katikati ni mstari wa uwongo. Hudai kuwa lugha mbili ni sahani mbili za mizani, na kwamba kila jiwe lililotiwa katika sahani hii lina jiwe la uzito uleule katika sahani ile. Kiingereza na Kicheki hazikuumbwa hivyo hata kidogo.

Na ianzwe kwa mwili wa binadamu, ambao Mwingereza na Mcheki wamejaliwa sawasawa. Mwingereza huita "arm" sehemu itokayo begani mpaka kifundoni, na "hand" kiganja pamoja na vidole vyake. Mcheki katika maongezi ya kila siku husema "ruka" kwa yote mawili. Mwingereza hutenga "leg" na "foot". Mcheki husema "noha". Mwingereza hana neno moja la kidole: kilicho mkononi ni "finger", kilicho mguuni ni "toe", Mcheki husema "prst" kwa vyote. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufafanuliwa jambo hili, maana mkono, mguu na kidole ni dada za maneno hayo matatu ya Kicheki, ingawa hapana historia iliyowakutanisha. Sasa mtoto wa Prague huambiwa kuwa "hand" ni "ruka", na kesho huambiwa kuwa "arm" ni "ruka" vilevile. Mstari umemfundisha kuwa maneno mawili ya Kiingereza ni kitu kimoja. Mwalimu atamsahihisha mwaka mzima kosa ambalo alimwandikia ubaoni kwa mkono wake mwenyewe.

Upande wa pili hali ni mbaya zaidi. Neno "go" ni fupi, na katika orodha hupewa jibu fupi: "jít". Lakini "jít" ni kwenda kwa miguu, safari moja, kuelekea mahali. Aendaye kwa miguu kila siku, kama mtoto aendaye shule, ana kitenzi kingine, "chodit". Apandaye gari au treni ana "jet", na afanyaye hivyo kwa desturi ana "jezdit". Mgeni aliyekariri jibu moja, akasema kwa "jít" kwamba anakwenda London, amewaambia Wacheki kuwa atatembea kwa miguu. Tena kila tendo la Kicheki hutaka kujulikana kama limetimia au halikutimia. Asemaye "psal jsem dopis" alikuwa akiandika barua, na pengine ingali mezani bila ya kumalizika. Asemaye "napsal jsem dopis" amekwisha kuiandika. Kiswahili huyabeba mambo haya katika viambishi na vitenzi visaidizi, Kiingereza huyabeba kwa njia zake, na Kicheki huyatia ndani ya kitenzi chenyewe. Safu mbili haziyabebi kabisa, kwa kuwa hazina mahali pa kuyaweka.

Yako pia maneno yafananayo kwa sura, na hayo ndiyo matapeli wa somo hili. "Host" kwa Mwingereza ni mwenyeji. "Host" kwa Mcheki, kwa herufi zilezile nne, ni mgeni. Wanaisimu huonesha kuwa maneno haya mawili yana shina moja la kale sana, lakini undugu wao haumsaidii mtu aliyealikwa chakula. "Sympathetic" ni mwenye huruma. "Sympatický" ni mtu apendezaye tu. "Actual" ni cha kweli. "Aktuální" ni cha wakati huu. Na mfanyabiashara wa Brno akimwandikia mwenzake wa Manchester kuwa atanunua mzigo "eventually", akidhani kwamba ametafsiri neno lake "eventuálně", yeye amesema huenda atanunua, na mwenzake amesoma kuwa hatimaye atanunua bila ya shaka. Hapo hapana tena suala la alama za mtihani. Pana mzigo, fedha, na watu wawili waaminifu ambao kila mmoja amemwona mwenziwe mwongo.

Watetezi wa safu husema kuwa mwanafunzi lazima aanze mahali, kwamba kumbukumbu hutaka kigingi cha kufungia, na kwamba mwalimu mwenye saa chache kwa wiki hawezi kuhutubu juu ya kila neno. Sehemu ya hoja hii ni ya haki. Chumvi ni chumvi, chuma ni chuma, na Jumanne haibadiliki mipakani. Kwa maneno ya namna hiyo na apigwe mstari apendaye. Lakini hoja yenyewe huchukuliwa kutoka katika chumvi na kupelekwa hata katika uhuru, dhamiri na haki, na huko haina miguu ya kusimamia.

La ajabu ni kuwa hoja hii hutolewa katika nchi iliyoijibu zamani. Jan Amos Komenský, mzaliwa wa Moravia mwaka 1592, ambaye ulimwengu humwita Comenius, alichapisha mjini Nuremberg mwaka 1658 kitabu cha watoto kilichoitwa Orbis Pictus, na mwaka uliofuata Charles Hoole akakitoa kwa Kiingereza katika London. Ndani yake kila somo lina picha. Vitu katika picha vimetiwa nambari, na nambari hizo hurudi katika sentensi zinazoeleza kila kitu kinafanya nini na kiko wapi. Mtoto hukiona kitu kazini mwake kabla ya kukishika jina. Sanamu za Komenský zimesimamishwa na shule zimepewa jina lake, na chini ya jina hilo watoto hukaririshwa orodha. Katika karne ya 20 naye Vilém Mathesius, profesa wa Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Charles na mmoja wa walioanzisha Duara la Isimu la Prague mwaka 1926, alizilinganisha lugha hizi mbili kwa subira ya miaka mingi, akaonesha kwamba hata mpangilio wa maneno ni maana. Mcheki husema "tu knihu napsal Čapek", kitabu hicho amekiandika Čapek, akiliacha jina la mwisho libebe habari mpya. Mwingereza, ili jina hilo lije mwisho, hana budi aghalabu kukigeuza kitenzi, aseme kitabu kiliandikwa na Čapek. Ni safu ipi itakayoonesha hayo?

Yote hayo ni madogo mbele ya maneno yaliyopita katika damu ya taifa. Orodha husema kuwa "agreement" ni "dohoda", makubaliano, na yasema kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Septemba 1938, katika Munich, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Italia zilitia saini waraka uliompa Hitler maeneo ya mipakani ya Chekoslovakia. Chekoslovakia yenyewe haikuketi mezani. Vitabu vya Kiingereza huuita waraka huo makubaliano ya Munich. Jina hilo limo katika Kicheki pia, lakini pamoja nalo, na kwa sauti ya juu zaidi, Wacheki husema "zrada", usaliti, na "diktát", amri ya kulazimishwa. Kijana wa Kicheki aliyejifunza kuwa "agreement" ni "dohoda" na asijifunze zaidi, atazungumza na Mwingereza juu ya babu zake kwa neno lililochaguliwa na waliotia saini.

Vivyo hivyo "normalization" na "normalizace". Herufi zinakaribiana, na mtunga orodha huandika jibu hata bila ya kutua kalamu. Lakini majeshi ya Mkataba wa Warsaw yalipoingia Chekoslovakia mwezi wa Agosti 1968, na Gustáv Husák aliposhika uongozi wa chama mwaka 1969, zama zilizofuata ndizo zilizoitwa "normalizace": watu walifukuzwa katika chama na kazini, waandishi walipigwa marufuku, maprofesa wakatafuta riziki kwa kazi za mikono. Kwa Mwingereza neno lake ni kurudi katika hali ya kawaida. Kwa Mcheki wa umri fulani neno lake ni miaka ishirini ya kufunga kinywa. Mwalimu ayaandikaye maneno haya bega kwa bega na kupita, hajafundisha neno, amesaidia kulisahaulisha.

Na liko neno ambalo Wacheki wenyewe waliupa ulimwengu. Karel Čapek alipotunga tamthilia yake R.U.R., iliyochapishwa mwaka 1920, ndugu yake Josef ndiye aliyemshauri jina "robot". Katika orodha hapana jibu jepesi kuliko hili, "robot" ni "robot". Lakini Mcheki husikia humo "robota", yaani kazi ambayo wakulima walilazimishwa kuwafanyia mabwana wa ardhi mpaka ilipofutwa mwaka 1848. Mwingereza alilipokea neno bila ya wakulima wake, akalivika chuma, ingawa viumbe wa Čapek hawakuwa wa chuma. Kiswahili nacho kimepokea "roboti" kutoka mkono wa pili, ilhali kina neno lake la kale, shokoa, ambalo watu walioshikwa kwa nguvu kulima mashamba na kutengeneza barabara bila ya ujira hawakuhitaji kufasiriwa. Atakayeifasiri tamthilia hiyo kwa Kiswahili kutoka Kiingereza hatakutana na shokoa mahali popote.

Hapo ndipo jambo la Wacheki linapogusa Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 1961 na 1974 katika Prague kilikuwapo Chuo Kikuu cha Tarehe 17 Novemba, kilichopokea wanafunzi wa kigeni, vijana wa Afrika wengi miongoni mwao. Aliyejua Kiswahili na Kiingereza, akapewa Kicheki kwa njia ya Kiingereza, aliuchukua mkono wake, akaukata vipande viwili kwa sababu ya Mwingereza, kisha akaviunganisha tena ili apate "ruka". Safari ya namna hiyo bado hupendekezwa na wale wanaotaka kamusi za Kiswahili na lugha za Ulaya zitungwe upesi kwa kuiweka safu ya Kiingereza katikati. Upesi huo hulipwa na msomaji.

Gharama ya kuacha safu si kubwa kama isemwavyo. Chini ya "go" na ziwekwe sentensi nne, mtu akienda kwa miguu leo na kila siku, na akisafiri kwa treni leo na kila siku. Chini ya "eventually" na iandikwe barua fupi ya mfanyabiashara, pamoja na onyo. Chini ya "normalization" na uwekwe mwaka 1969. Chini ya "agreement" na iwekwe "dohoda", kwa sentensi ya mpangaji na mwenye nyumba. Kisha sentensi ya pili, yenye jina la Munich, na kando yake neno "zrada".