Picha ya Taya Isomwe Mpaka Chini

“Uzee huo.” Hilo ndilo neno ninalolipinga. Hapa Tanga, mwanamke wa miaka 65 akiteleza msalani akavunjika nyonga, ndugu watasema uzee, jirani atasema uzee, na mara nyingine hata mwenye koti jeupe atasema hivyo hivyo. Mfupa wenye afya haupaswi kuvunjika kwa mtu kuanguka tu kutoka urefu wake mwenyewe. Ukivunjika hivyo, mara nyingi kuna ugonjwa, na ugonjwa huo una jina: osteoporosisi. Mfupa unakuwa kama boriti iliyoliwa na mchwa. Nje rangi ipo, ndani vumbi.

Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hushuka, na mfupa huanza kubomolewa haraka kuliko unavyojengwa. Hauumi. Kipimo chake rasmi ni DXA, mashine adimu nchini, na mama wa Pangani au Mkinga hafungi safari ya Dar es Salaam kwenda kupimwa kitu kisichomuuma.

Jino, hata hivyo, linauma, na maumivu yake humtoa mtu nyumbani. Kuna ile eksirei kubwa ya meno inayozunguka kichwa na kuonyesha taya zote mbili kwa pamoja. Kwenye ukingo wa chini wa taya pana mstari mweupe, nao ni gamba gumu la mfupa. Watafiti wa Ulaya katika mradi wa OSTEODENT walichunguza wanawake 671 wa miaka 45 hadi 70, wakalinganisha unene wa mstari huo na majibu ya DXA. Ukiwa chini ya milimita 3, ni haki kumshuku mwenye taya na kumpeleka akachunguzwe. Utafiti huo si mpya. Matokeo yake yalianza kuchapishwa zaidi ya miaka 15 iliyopita.

Shangazi yangu wa Ngamiani alipigwa picha hiyo kabla ya kung'olewa magego. Majibu yalikuwa sentensi moja: jino limeoza. Baadaye alivunjika mkono akishuka kwenye bajaji. Tulipoipeleka picha ile ile kwa daktari mwingine, aliweka rula, akatoa hesabu ya ukuzaji wa mashine, na mstari haukufika milimita 3. Habari ilikuwa imelipiwa, imechapishwa, imekaa kwenye bahasha kabatini. Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga. Huyu aambiwe.

Najua majibu yenu. Mtasema wagonjwa wengi hung'olewa meno bila picha yoyote, na zile picha ndogo za jino moja hazionyeshi ukingo huo. Ni kweli, nami sidai kila bibi apigwe eksirei. Nadai iliyokwisha kupigwa isomwe yote. Mtasema taya si DXA. Kweli pia: mstari mwembamba ni sababu ya kushuku, na mstari mnene hauthibitishi usalama. Ndiyo maana kuna kitu kinaitwa rufaa.

Jibu linaloniudhi ni la tatu: “Hata tukijua, tutafanya nini?” Tutafanya mengi. Tutaweka mshikio ukutani msalani na kuacha kumwaga maji ya sabuni sakafuni. Tutapima macho yake na kuuliza anameza vidonge gani, maana dawa za steroidi zikitumika muda mrefu hula mfupa. Dagaa ataliwa na miba yake. Atatembea badala ya kuambiwa “kaa tu, bibi, upumzike.” Na zipo dawa zinazopunguza hatari ya kuvunjika, ambazo daktari hawezi kuziandika kwa ugonjwa asioushuku.

Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, na dirisha la wazee lipo katika hospitali nyingi. Kumpisha mzee kwenye foleni halafu usisome nusu ya picha yake ni adabu ya nusu.

Kwa hiyo wewe unayesomea udaktari wa meno, ongeza mstari mmoja kwenye ripoti yako: unene wa ukingo wa taya. Nawe unayemsindikiza bibi au mama mkubwa kung'oa jino, kama amepigwa picha ile kubwa, usitoke chumbani bila kuuliza kwa heshima zote: “Na huku chini, daktari, pakoje?”