Mabao Kumi na Matano ya Siku Moja

Wapenzi wa kandanda katika mikoa yetu ya Ziwa hawajaisahau siku ya mwisho ya Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, Februari 2016. Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa ya Kigoma mabao 8-0. Polisi Tabora nayo ikaibwaga JKT Oljoro ya Arusha 7-0. Nafasi ya kupanda Ligi Kuu ilikuwa moja, timu hizo mbili zilikuwa zikifukuzana kileleni, na wingi wa mabao ulikuwa na uzito mkubwa. Hata mtoto achezaye chandimu angeuliza walinda mlango walikuwa wapi.

Aprili mwaka huo Kamati ya Nidhamu ya TFF ilitoa hukumu ya kupanga matokeo. Geita, Polisi Tabora na Oljoro zilishushwa hadi Daraja la Pili. Kanembwa, iliyokwisha kushuka, ikasukumwa hadi ligi ya mkoa. Mbao ya Mwanza, iliyokuwa nyuma ya wakubwa hao, ndiyo ikapanda. Ndugu zetu wa Ukerewe, Ukara na Kome, ambao huvuka maji ndipo waione mechi ya Ligi Kuu, wanakumbuka furaha iliyofuata: Mei 2017 Mbao hiyo hiyo ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Dodoma, na Simba ilihitaji muda wa nyongeza kuishinda 2-1. Basi timu hiyo ndiyo iliyokaribia kudhulumiwa.

Lakini liko jambo ambalo halikusemwa kwa sauti ya kutosha. Kati ya timu nne zilizoadhibiwa, tatu zilikuwa za vyombo vya dola: moja ya Polisi na mbili za Jeshi la Kujenga Taifa. Kijana anayefundishwa nidhamu asubuhi kambini ajifunze nini jioni uwanjani?

Aibu ya namna hii si yetu peke yetu. Huko Ujerumani Magharibi, Juni 1971, rais wa Kickers Offenbach, Horst-Gregorio Canellas, aliwasikilizisha wageni wake kanda za sauti zilizoonyesha jinsi mechi za kuokoa timu zisishuke zilivyonunuliwa. Wachezaji zaidi ya 50 waliadhibiwa, na Arminia Bielefeld ikaporomoshwa daraja. Offenbach yenyewe ilikuwa imeshuka, na rais wake hakuponyoka adhabu. Hata hivyo alisema. Kwetu hakuna kiongozi aliyesimama kusema. Ni idadi ya mabao iliyopiga kelele.

Geita ilitumikia adhabu, ikapanda kwa jasho mwaka 2021. Msimu wa 2021/22 ilimaliza ya nne katika Ligi Kuu, na mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17. Hayo hayakuhitaji kupangwa na mtu. Ikashuka tena mwaka 2024, na msimu uliofuata ikakutana katika mchujo na jirani yake wa Shinyanga, Stand United, ambayo ilisonga mbele kisha ikazuiwa na Fountain Gate. Mwadui, timu ya mgodi wa almasi, ilikuwa imekwisha kuteremka tangu 2021.

Daraja la chini ni mahali pa vishawishi: mishahara huchelewa, wadhamini hukimbia, na mkuu fulani hutaka timu ipande kabla hajahamishwa. Kwa hiyo tunaziomba halmashauri za Geita na Shinyanga, kila zinapoichangia timu au kuisimamia, zibandike kwenye mbao za matangazo mapato na matumizi yake, fedha za migodi zikiwamo. TFF nayo ipeleke kwenye mechi za mwisho makamishna wasiotoka mikoa ya timu zinazohusika. Na afisa wa serikali atakayetiwa hatiani kwa kupanga matokeo ashitakiwe pia mbele ya mwajiri wake, kwani kuishusha timu daraja huwaadhibu wachezaji na mashabiki, naye akabaki na kiti chake.