Wacheni Kunenepesha Ndege Zenu

Wasee wa ndege za rimoti, leo mtanisamehe. Mtu akinunua ndege tu, swali la kwanza: "Nikiweka betri kubwa si itakaa juu muda mrefu?" Hata mimi niliuliza. Muuzaji akaniambia eeh, bora iingie.

Nikaiingiza. Ndege yangu ya foamu iliundiwa betri ya 2200 mAh, seli tatu, gramu kama 180. Mimi nikasukumia ya 5000, karibu gramu 400, kifuniko nikafunga na selotepu. Manze, nikajiona injinia.

Iliruka, sikatai. Lakini stiki ilikaa karibu mwisho muda wote. Ndege nzito inataka kasi zaidi ndiyo ibaki hewani, na hiyo kasi inalipwa na betri ileile uliyoongeza. Kutua sasa: nikapunguza mwendo vile nimezoea, bawa moja likadondoka, ndege ikala nyasi. Propela kwisha, pua kwisha, akiba yangu ya miezi mitatu nikaibeba nyumbani kwa gunia.

Na sisi wa Nairobi tuko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, kwa hivyo mabawa yaleyale yanahitaji mwendo zaidi kuliko yakiwa Mombasa. Gramu ambazo msee wa Mombasa anasamehewa, wewe wa Kasarani unazilipa.

Hesabu yenyewe si ngumu. 2200 mAh ni ampia 2.2 kwa saa moja. Tumia asilimia 80 pekee, kwa sababu lipo ukiikausha inafura na kufa. Ndege ikikula wastani wa ampia 15, una dakika saba. Ukiweka betri mara mbili hupati dakika kumi na nne, maana ulaji nao umepanda.

Kwangu mimi, afadhali betri mbili za 2200 kuliko moja kubwa. Unaruka, unatua, mota inapoa (na vidole vyako pia, tusidanganyane), unabadilisha, unapaa tena. Moja ikiharibika, bado una nyingine. Wenye glaida kubwa zilizoundiwa mzigo, hii haiwahusu.

Kabla hujatoa pesa, uliza uzito wa betri, si mAh peke yake. Halafu iweke ndani, uinue ndege kwa vidole viwili chini ya mabawa, pale maelezo yake yanasema. Pua ikiinama na hakuna nafasi ya kusogeza betri nyuma, mrudishie mwenye duka.